Kosa la Kiingereza lina sarufi yake

Mwalimu wa Kiingereza katika shule yoyote ya kata, iwe Chamwino, Bahi au Kongwa, ameisahihisha sentensi hii mara zisizohesabika: "My father he is a farmer." Utaratibu wake tunaujua. Kalamu nyekundu inakata neno "he", alama inapungua, daftari linarudishwa, na wiki inayofuata mwanafunzi yuleyule anaandika "My mother she is sick." Mwalimu anaona mtoto ni mzito wa kuelewa. Mtoto naye anaona Kiingereza ni lugha isiyo na utaratibu, ya kubahatisha tu. Wote wawili wanakosea, kwa sababu sentensi ile imefuata kanuni, tena kwa uaminifu mkubwa. Kitenzi cha Kiswahili kwa kawaida hakisimami mpaka kibebe kiambishi cha nafsi, hata pale ambapo mtenda ameshatajwa kwa jina: baba yangu analima, mama yangu anaumwa. Mwanafunzi ameitafutia ile "a" ya "analima" mahali pa kukaa katika Kiingereza, na neno lililokuwa karibu zaidi likawa "he". Alichokosa ni mtu wa kumwambia kwamba Kiingereza kikishamtaja mtenda hakimtaji tena mbele ya kitenzi.

Zoezi la kubaini makosa katika sentensi za Kiingereza limeota mizizi nchini. Mtihani wa kidato cha nne umekuwa ukiwataka watahiniwa waandike upya sentensi kwa kufuata maelekezo, madaftari yamejaa sentensi mbovu zinazosubiri kurekebishwa, na kijana anayeomba kazi Dodoma mjini anajua kwamba barua yake inaweza kuwekwa pembeni kwa kosa moja la aya ya kwanza. Silipingi zoezi hilo. Ninachopinga ni kulifanya nusu: kuonyesha kosa lilipo bila kuuliza limetoka wapi. Makosa mengi ya Mtanzania katika Kiingereza yana chanzo kinachojulikana, na chanzo hicho kimo katika Kiswahili, somo linalofundishwa siku ileile, mara nyingi na mwalimu aliyeko darasa la jirani. Mpaka sarufi ya Kiswahili iingie waziwazi katika kipindi cha Kiingereza, tutaendelea kukata "he" kwa kalamu nyekundu, na mwaka kesho tutaikata tena.

Ushahidi ulio mzito zaidi ni kiambishi cha njeo "-me-". Kwa mazoea tunawafundisha wanafunzi kwamba "-me-" ni "have", kwa hiyo "nimefika" ni "I have arrived" na "amemaliza" ni "she has finished". Hapo pote mambo yananyooka. Lakini "-me-" ina kazi nyingine kubwa ambayo hatuisemi: inaeleza hali ambayo mtu yumo sasa hivi baada ya tendo kutimia. Tukisema mtoto amelala, tunamaanisha yumo usingizini wakati huu. Tukisema amevaa shati jekundu, shati liko mwilini. Amesimama, amekaa, amechoka, ameshiba, zote ni hali za sasa. Mwanafunzi aliyekaririshwa kwamba "-me-" ni "have" ataandika "I have tired", na hapo kalamu nyekundu itamwona. Ataandika pia "He has worn a red shirt", na Mwingereza ataelewa kwamba shati hilo limewahi kuvaliwa siku moja huko nyuma. Kisha ataandika "The child has slept", na hapa ndipo utaratibu wetu wote unapokwama, kwa kuwa sentensi hiyo haina kosa hata moja la sarufi. Imenyooka kabisa. Tatizo ni kwamba inasema mtoto alipata usingizi, pengine ameshaamka, wakati mwandishi alitaka kusema mtoto bado amelala.

Nataka msomaji akae kidogo na mfano huo, maana ndani yake kuna jambo ambalo vitabu vya mazoezi haviwezi kulitatua. Muuguzi akiandika katika taarifa ya zamu "The patient has slept", daktari anayeipokea asubuhi anaweza kuelewa kitu tofauti na alichokiona muuguzi. Hakuna programu ya kompyuta ya kukagua sarufi itakayopigia mstari sentensi hiyo. Mtahini aliyezaliwa London ataipitisha bila wasiwasi. Anayeweza kulinusa kosa hilo ni mtu anayezijua lugha zote mbili kwa undani, anayesikia "amelala" chini ya "has slept" na kujiuliza mwandishi alikusudia nini. Mtu huyo ni mwalimu wa Kitanzania. Uwezo anao, nasi tumemfundisha kuuonea aibu.

Mifano mingine inakwenda haraka zaidi lakini inashuhudia jambo lilelile. "The book which I read it" inatokana na "kitabu nilichokisoma", neno lililobeba kirejeshi "-cho-" na kiambishi cha mtendwa "-ki-" kwa pamoja. Mwanafunzi amevihamisha vyote viwili, kimoja kikawa "which", kingine kikawa "it". "Although he was late, but he did the exam" ni "ingawa alichelewa, lakini alifanya mtihani", jozi ambayo masikio yetu hayana ugomvi nayo. "He is tall than me" ni "ni mrefu kuliko mimi", ambapo kivumishi hakibadiliki hata kidogo na mzigo wote wa kulinganisha unabebwa na "kuliko". "He cut the rope by a knife" imetoka kwenye "kwa", neno dogo linalofanya kazi ambazo Kiingereza kimezigawa kwa maneno mengi. Hata lile jibu linalowachanganya wageni, "Yes, I did not", lina mantiki yake: ukimuuliza Mswahili "Hukwenda?" naye hakwenda, atajibu "Ndiyo, sikwenda", akikubaliana na ulichosema, ilhali Kiingereza hakiangalii swali liliulizwaje, kinaangalia jambo lilitokea au halikutokea. Hayo yote anaweza kuelezwa mtoto wa kidato cha kwanza kwa dakika chache, akaelewa, akacheka, na akaanza kujikagua mwenyewe.

Uwanda huu wa kati wa Dodoma unaongeza jambo ambalo Dar es Salaam haiwezi kutufundisha. Kuchanganya "he" na "she" ni kosa linalochekwa kuliko yote, na sababu yake ni nyepesi: "yeye" ni mwanamume na ni mwanamke, na "a-" ya "anakuja" haiulizi jinsia. Kigogo, Kirangi na Kikaguru, zikiwa lugha za Kibantu, ziko hivyohivyo. Mtoto wa Mvumi au Mpwapwa aliyeanza na Kigogo, akapokea Kiswahili shuleni, anafika kwenye Kiingereza kama lugha ya tatu bila kuwahi kulazimika kuchagua kiwakilishi kwa kuangalia jinsia ya mtu. Lakini nenda Chemba, upande wa Kwamtoro na Farkwa, wanakoishi Wasandawe. Kisandawe, lugha yenye sauti za midoko isiyo na undugu wowote na Kibantu, hutenganisha mwanamume na mwanamke katika viwakilishi vyake vya nafsi ya tatu. Mtoto wa Kisandawe amelijua jambo hilo tangu akiwa mgongoni kwa mama yake. Akifika sekondari anafundishwa tofauti ya "he" na "she" kana kwamba ni ajabu iliyoletwa na meli, wala hakuna anayemwambia kwamba lugha ya bibi yake inafanya vivyo hivyo. Mwalimu anayejua hilo angeanza somo kwa mtoto huyo kuwaeleza wenzake Wagogo na Warangi jinsi jambo lenyewe linavyokwenda. Hatulijui, kwa kuwa tumezoea kuziona lugha za wanafunzi kama kikwazo cha kuondolewa.

Kwa nini tumefika hapa? Nadhani ni kwa sababu mjadala wetu wote wa Kiingereza umemezwa na swali moja. Tangu mwaka 1967 Kiswahili kilipofanywa lugha ya kufundishia shule za msingi, tumebishana kama kiendelee hadi sekondari. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba kiendelee, na pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 wataalamu wa Kiingereza, Clive Criper na William Dodd, walichunguza hali ya Kiingereza mashuleni wakakuta kwamba kiwango cha wanafunzi hakitoshi kusomea masomo mengine kwa lugha hiyo, na bado wakapendekeza ibaki lugha ya kufundishia. Serikali ya Uingereza ikagharimia mradi wa kukiinua Kiingereza kwa vitabu na mafunzo ya walimu. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiita Kiingereza Kiswahili cha dunia. Sera ya elimu ya mwaka 2014 ikafungua mlango kwa Kiswahili katika ngazi zote, na toleo lake la mwaka 2023 likakiacha Kiingereza mahali pake sekondari. Ni mjadala muhimu, na watu kama Profesa Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mtaalamu wa Kiingereza aliyetetea Kiswahili kama lugha ya kufundishia, wameufanya kwa heshima kubwa. Lakini katika miaka yote hiyo tumeziweka lugha hizi mbili katika kambi zinazopigana, na swali la pili likakosa wa kuliuliza: Kiswahili kinaweza kukisaidiaje Kiingereza kufundishika? Swali hilo linabaki vilevile, kambi yoyote ishinde.

Kuna pingamizi ambalo sitaki kulikwepa, kwa sababu limetoka kwa watu waliofanya kazi ya kweli. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 watafiti Heidi Dulay na Marina Burt walichunguza Kiingereza cha watoto wenye asili ya lugha ya Kihispania nchini Marekani, wakaona kwamba makosa yao mengi hayakutokana na Kihispania hata kidogo. Yalifanana na yale ya mtoto wa Kiingereza anayejifunza lugha ya mama yake. Na kweli, mwanafunzi wetu akiandika "he did not went", asilaumiwe Kiswahili: "hakuenda" huonyesha wakati uliopita mara moja tu, na watoto wa Kiingereza nao husema vivyo hivyo kabla hawajakomaa. Ile "s" ya "she goes" huchelewa kukaa vichwani mwa wanafunzi wa kila nchi. Nami naongeza mfano dhidi ya hoja yangu mwenyewe: "ushauri" katika Kiswahili hauna wingi, hata hivyo wanafunzi wetu huandika "advices". Kwa hiyo Kiswahili hakielezi kila kitu. Lakini watoto wa Dulay na Burt walikuwa wadogo, wamezungukwa na Kiingereza, na lugha ya pili iliwaingia kwa masikio. Kijana wa miaka 14 aliyeko Mundemu au Zuzu anakutana na Kiingereza katika vipindi vya dakika 40, na akitoka nje ya darasa anasikia Kiswahili na Kigogo. Huyo hutafsiri, kwa sababu hana njia nyingine. Tena pingamizi lenyewe linanipa sababu ya kuyachambua makosa. Ikiwa kosa la "s" litapungua lenyewe kwa kusoma sana na kosa la "has slept" halitapungua bila maelezo, mwalimu anahitaji kuyajua yote mawili na kuyatenganisha. Leo yote yanapata mkwaju mmoja wa wino na adhabu moja.

Wengine watasema kusahihisha sarufi ni kupoteza muda kabisa. Mwaka 1996 John Truscott aliandika makala iliyozua ubishi mkubwa, akidai kwamba kusahihisha sarufi katika maandishi ya wanaojifunza lugha ya pili hakusaidii na pengine hudhuru. Dana Ferris akamjibu mwaka 1999 kwamba kunategemea kumefanywaje. Nikiutazama ubishi huo kutoka Dodoma, naona Truscott ameuelezea vizuri sana usahihishaji tunaoufanya sisi: alama ya wino isiyo na maelezo, kwa mwanafunzi asiyejua afanye nini nayo. Usahihishaji wa namna hiyo nami nauona hauna faida. Maelezo yanayomfikisha mwanafunzi kwenye chanzo cha kosa ni kitu kingine, kwa kuwa kosa moja lililoelezwa vizuri linafunga mlango wa mamia ya sentensi ambazo bado hajaziandika.

Pingamizi linalosikika zaidi kwa wazazi na wakuu wa shule ni kwamba Kiswahili kikiruhusiwa katika kipindi cha Kiingereza kitakimeza. Ndiyo maana shule nyingi zimebandika vibao vinavyoamuru wanafunzi waongee Kiingereza tu, na kwingine wanaokamatwa wakiongea Kiswahili huadhibiwa. Naelewa hofu hiyo. Lugha hujifunzwa kwa kuisikia na kuitumia, na mwalimu anayefundisha Kiingereza kipindi kizima kwa Kiswahili anawadhulumu watoto. Ninachoomba ni dakika tano tu za Kiswahili. Kueleza matumizi ya "has slept" kwa Kiingereza, kwa mtoto ambaye Kiingereza chenyewe ndicho hakijui, ni kumpa maelezo yaliyofungwa kwa kufuli ambalo ufunguo wake umo ndani. Na tuseme ukweli: walimu wengi tayari huchomeka Kiswahili darasani, kwa siri, mkaguzi akiwa mbali, bila mpango. Kikifanywa kwa siri kinakuwa tafsiri ya harakaharaka. Kikifanywa wazi, kwa maandalizi, kinakuwa ulinganishi wa lugha, na mwanafunzi anajifunza jambo kuhusu lugha zote mbili. Ile adhabu ya kuongea Kiswahili ina hasara nyingine ambayo haionekani kwa urahisi: inamfundisha mtoto kwamba anachokijua hakina thamani, na mtoto aliyeamini hivyo hathubutu kuuliza kwa nini.

Liko pia swali la haki. Nani kasema "informations" ni kosa, kama mamilioni ya watu wasomi kutoka Afrika hadi Asia wanalitumia na kuelewana? Kiingereza cha Afrika Mashariki kina haki ya kuwa na sura yake kama kilivyo cha Marekani. Nakubaliana na hoja hiyo kwa sehemu kubwa, nami sitamnyima mtu kazi kwa "s" moja ya ziada. Lakini inatuhitaji tuchague kwa uangalifu nini cha kusahihisha, na hatuwezi kuchagua bila kujua vyanzo. Kosa linaloonyesha tu kwamba mwandishi ametoka Afrika Mashariki linaweza kusamehewa, au kutajwa kwa ajili ya mtihani na kuachwa. Kosa linalopotosha maana, kama lile la mgonjwa aliyelala, lipewe muda wote uliookolewa. Tangu Bunge lilipobadilisha sheria mwaka 2021, hapahapa Dodoma, ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, nafasi ya Kiingereza kama chujio la kumtenga mwananchi na haki zake imeanza kupungua. Ni wakati mzuri wa kukifundisha kwa utulivu, kama chombo cha kazi.

Walimu wa kuifanya kazi hii tunao. Kila mwaka vijana humaliza kidato cha sita katika mchepuo wa HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza, na wengi wao huingia vyuoni kusomea ualimu wa lugha hizo mbili kwa pamoja. Wamefundishwa ngeli, upatanisho wa kisarufi, uambishaji na O-rejeshi. Wanaijua "-cho-" ya "nilichokisoma" kwa jina lake na kazi yake. Kisha wanapelekwa mashuleni, asubuhi wanafundisha uambishaji katika kipindi cha Kiswahili, na baada ya mapumziko wanaingia darasa lilelile kufundisha Kiingereza kana kwamba ya asubuhi hayakuwahi kusemwa. Chuo Kikuu cha Dodoma, ambacho tangu mwaka 2007 kimekuwa kikiwakusanya vijana wa nchi nzima katika mji huu, na Chuo cha Ualimu Mpwapwa, ambako walimu wamekuwa wakiandaliwa tangu enzi za Waingereza, viko mahali pazuri pa kuanza: somo moja la kulinganisha sarufi ya Kiswahili na ya Kiingereza, la lazima kwa kila anayeandaliwa kufundisha Kiingereza, likitumia makosa halisi kutoka madaftari ya shule za mkoa huu. Taasisi ya Elimu Tanzania iweke ulinganishi huo ndani ya kitabu cha kiada, badala ya kumwachia mwalimu abuni peke yake.

Baraza la Mitihani nalo lina hazina ambayo haijatumika ipasavyo. Kila mwaka huchapisha uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo, pamoja na sampuli za majibu mazuri na mabaya, na kwa Kiingereza taarifa hizo ni mkusanyiko mkubwa wa makosa ya Watanzania yaliyoandikwa na wenyewe. Kusema kwamba watahiniwa walikosa ujuzi wa sarufi na msamiati hakumsaidii mwalimu wa Kibaigwa kujua Jumatatu afundishe nini. Naliomba Baraza liyapange makosa hayo kwa vyanzo: haya yametoka kwenye Kiswahili na kanuni yake ni hii, haya ni ya kila mwanafunzi wa Kiingereza duniani, haya ni uzembe. Nawaomba pia walimu wa Kiingereza wasisubiri waraka. Daftari linalofuata likiwa na "My father he is a farmer", kabla ya kukata "he", andika pembeni "baba yangu analima", uipigie mstari ile "a", na umwulize mwanafunzi imekwenda wapi katika Kiingereza.